Kipaji Hakijilei

Ndugu zangu, juzi nilikuwa ng'ambo ya mji wa Pangani nangoja pantoni. Pembeni ya gati mtoto wa miaka 12 hivi amechutama, anachonga kingalawa cha mti wa sufi kwa kipande cha msumeno alichokinoa juu ya jiwe. Tanga lake ni la salfeti. Alikitia majini, kikalala upande. Akakitoa, akapunguza kidogo ubao wa kushoto, akakirudisha. Mara ya tatu kikasimama. Mama yake, muuza samaki wa kukaanga, akaniambia kwa haya, "Ndiyo kazi yake kutwa, baba. Hesabu zinamshinda."

Sikumjibu. Lakini nini kile kama si hesabu?

Siku hizi kila redio inatuimbia kwamba kipaji ni ajira. Maneno matamu, na nusu yake ni uongo. Siti binti Saad wa Fumba, Unguja, alizunguka akiuza vyungu alivyofinyanga mama yake, na sauti yake ilisikika kabla hajafika mlangoni. Sauti hiyo ingekufa na biashara ya vyungu. Alipohamia mjini mwaka 1911 alikutana na Ali Muhamed, mtu wa kundi la taarabu la Ikhwani Safaa, akamfunza uimbaji. Ndipo 1928 akafika Bombay kurekodi santuri. Tunamsifu Siti, na anastahili, ila yule aliyekaa naye chini kumfunza tumemsahau.

Aliyeandika wasifu wa Siti ni Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga. Huyu alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944. Miaka 18! Hakuna aliyemwajiri kutunga mashairi. Mshahara wa forodha ulimlisha, gazeti la Mambo Leo likampa nafasi, kalamu ikakomaa polepole. Kijana anayeambiwa aache kila kitu akifuate kipaji chake anadanganywa, hasa na watu walioshiba.

Basi wazee wangu, tusiwatoe watoto shuleni, wala tusiwaache wenyewe na msumeno uliovunjika. Serikali imeleta mkondo wa amali, yaani mafunzo ya stadi za kazi, katika sekondari, kwa Sera ya Elimu toleo la 2023. Ni jambo jema, iwapo hatutaugeuza jalala la walioshindwa. Nimekwisha kumsikia mzazi akisema, "Huyu hana akili, apelekwe amali." Kwa kauli hiyo tumemwua mtoto kabla hajashika randa.

Na ninyi mafundi, acheni kuficha kazi. Wako wanaomfanya mwanagenzi mfagiaji wa maranda miaka mitatu, kwa hofu kwamba akijua atanyang'anya wateja. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, 4 kati yake ni za vijana. Mafundi na wanagenzi walio vijana wakijiunga kikundi wanaweza kuomba fedha za msumeno wa umeme. Wengi hawaombi, wanangoja mwanasiasa.

Mtu ataniuliza, katika soko la leo, boti za faiba na injini zikijaa, nani atamhitaji mchonga ngalawa? Pengine hakuna. Lakini jicho linaloona kwamba chombo kinalala kushoto, na mkono unaojua kupunguza kiasi gani, havibaki kwenye mti wa sufi. Vyaweza kuhamia kwenye faiba, kwenye kabati, kwenye paa la nyumba. Jicho lisilofunzwa ndilo halihami popote.

Pantoni ilipofika, akashuka fundi mashua mmoja tunayefahamiana. Nikamwomba amtazame yule kijana. Mtoto akasimama, akatoa shikamoo. Fundi akakichukua kingalawa, akakigeuza, akapitisha kidole gumba chini ya tumbo lake.

"Nani kakufundisha kupunguza hapa?"

"Kilikuwa kinalala, babu," akasema mtoto.

Fundi akakitazama tena, akamgeukia mama. "Jumamosi mlete. Aje na daftari la hesabu."