Picha nzuri ya pango haitoshi, tunataka vipimo

Tafuta picha za Mapango ya Amboni mtandaoni. Utazipata nyingi, na nyingi zinafanana kama mapacha: mtu anatabasamu katikati, flashi imemchoma uso, na nyuma yake ni giza tupu. Picha hiyo inathibitisha jambo moja tu, kwamba mhusika alifika Tanga. Kuhusu pango lenyewe haisemi kitu. Dari liko mita 3 au 13? Ukuta wa kulia uko umbali gani? Huwezi kujua.

Msimamo wangu ni huu: pango kubwa la mawe ya chokaa lisipigwe picha kama harusi. Lipigwe kama data. Anayeingia na kamera atoke na kitu ambacho mtu mwingine, miaka 50 ijayo, anaweza kukipima.

Najua swali linalokuja: mtu wa Kakamega anahusika vipi na mapango ya chokaa? Kweli, huku kwetu hakuna. Jiwe letu la Ilesi, lile linalolia, ni la itale. Miamba yetu mingine ndiyo iliyobeba dhahabu iliyowaleta wachimbaji miaka ya 1930, na handaki la kilima cha Lirhanda, kule msituni, lilichimbwa na hao hao waliokuwa wakiitafuta. Ukipanda Mlima Elgon utakuta mapango makubwa, lakini yako kwenye miamba ya volkano. Pango kubwa la chokaa kwetu sisi maana yake ni kushuka hadi Pwani. Ndiyo sababu jambo hili linatuhusu. Mtoto wa shule wa Kakamega ataliona Panga ya Saidi kwenye skrini, au hataliona kabisa.

Kwa nini tuharakishe

Panga ya Saidi liko kaunti ya Kilifi. Mnamo Mei 2021 jarida la Nature lilichapisha habari za kaburi la mtoto wa miaka kati ya 2 na nusu na 3, aliyezikwa humo takriban miaka 78,000 iliyopita. Ni kaburi la kale zaidi la binadamu wa aina yetu linalojulikana Afrika hadi sasa. Watafiti walimpa jina la Mtoto. Mifupa ilikuwa laini kiasi kwamba haikuwezekana kuichomoa mmoja mmoja. Waliufunika udongo wote kwa plasta, wakautoa kama bonge moja, wakaupeleka Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi na kisha Burgos, Uhispania. Huko eksirei na kompyuta ndizo zilizoonyesha jinsi mtoto alivyolazwa, na kwamba huenda kichwa chake kiliegemezwa juu ya kitu kama mto.

Tafakari hapo kidogo. Akiolojia huharibu kile inachokichunguza. Ukishachimba tabaka la udongo, limekwisha. Kinachobaki ni vipimo, michoro na picha. Picha mbovu hairudiwi.

Halafu kuna biashara. Mawe ya chokaa ndiyo malighafi ya saruji, na viwanda vya saruji vya Tanga na vya Pwani ya Kenya havikujengwa huko kwa bahati. Sisemi kiwanda fulani kinakula pango fulani. Nasema mwamba unaotengeneza mapango ndio unaotengeneza nyumba zetu, na atakayetaka kulitetea pango lazima aje na ramani. Ongeza moshi wa mienge, majina yanayokwaruzwa ukutani, na wanaovunja stalaktaiti wakapambe meza zao. Stalaktaiti mara nyingi haikui hata milimita moja kwa mwaka. Ukivunja ya mkono mmoja, umevunja karne nyingi.

Tuna mfano jirani wa faida ya kuwahi. Mwaka 2009 shirika la CyArk lilipima kwa leza makaburi ya wafalme wa Buganda kule Kasubi, Kampala. Tarehe 16 Machi 2010 nyumba kuu iliteketea kwa moto. Vipimo vilikuwepo tayari. Mwaka mmoja tu ndio uliotenganisha kuwa navyo na kutokuwa navyo.

Flashi yako ndiyo adui

Kosa la kwanza ni la fizikia. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Umbali ukizidi mara 2, mwanga unabaki robo. Sasa mweke rafiki yako mita 2 kutoka kwenye flashi, na ukuta wa pango mita 16. Umbali umezidi mara 8, kwa hiyo ukuta unapata sehemu 1 kati ya 64 ya mwanga anaoupata rafiki yako. Yeye anakuwa mzimu mweupe na pango linatoweka. Hakuna simu ya bei yoyote itakayoifuta hesabu hiyo.

Pia hewa ya pango ina vumbi na matone ya maji. Flashi iliyo kando ya lenzi inayamulika matone yaliyo karibu, nayo yanatokea kama viduara vyeupe. Kuna watakaokuambia ni mizimu. Ni matone.

Dawa yake ni ya zamani: tenganisha taa na kamera. Mwaka 1866 Charles Waldack alipiga picha ndani ya Mammoth Cave, pango kubwa la chokaa kule Marekani, kwa kuwasha magnesiamu. Leo wewe una tochi ya LED. Weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, ISO 400 au chini, tundu la lenzi f/8, acha shata wazi sekunde 30, kisha tembea pembeni ukiupaka ukuta mwanga kwa tochi kama unayepaka rangi. Tumia tochi za aina moja, la sivyo upande mmoja utakuwa wa bluu na mwingine wa manjano. Hifadhi faili ghafi, si JPEG peke yake.

Hiyo itakupa picha nzuri. Bado si data.

Namna ya kupata vipimo

Hapa ndipo sisi watu wa programu tunapoingia. Fotogrametria ni mbinu ya kupiga picha nyingi zinazopishana, kisha kompyuta inatafuta nukta zile zile katika picha tofauti na kukokotoa umbo lake katika pande tatu. Programu huria zipo: Meshroom, COLMAP, na Blender ya kusafishia matokeo. Hakuna senti ya leseni.

Masharti yake si magumu:

1. Kila picha ipishane na iliyotangulia kwa asilimia 70 au zaidi.
2. Lenzi moja, bila kuzumu.
3. Hapa usipake mwanga kwa kutembeatembea. Vivuli vikibadilika ovyo, programu inachanganyikiwa. Tumia taa mbili zilizofunikwa kitambaa cheupe, moja kila upande wa kamera, zisogee pamoja nayo.
4. Weka rula ya mita 1 mahali kadhaa, na upime baadhi ya umbali kwa kipimo cha leza, kile cha mafundi wa ujenzi.

Sharti la 4 ndilo watu hulisahau, nalo ndilo roho ya kazi. Bila rula, programu itakupa umbo sahihi lisilo na ukubwa. Haijui kama inaangalia pango au chungu.

Amboni wana hadithi maarufu kwamba njia za chini kwa chini zinatokea Mombasa. Huwezi kuijibu hadithi hiyo kwa picha ya giza. Giza ndilo lililoizaa. Unaijibu kwa mita. Na hadithi yenyewe haitakufa, itaendelea kusimuliwa, ila sasa pembeni yake kutakuwa na ramani.

Gharama? Chukua picha 600 za megabaiti 25 kila moja: ni gigabaiti 15. Diski ya terabaiti 1 inabeba mapango zaidi ya 60 ya namna hiyo.

Wanaopinga wana hoja

Kuna watakaosema teknolojia mpya imeshamaliza kazi. Simu zenye leza zipo tangu 2020, na tangu 2023 kuna mbinu ya Gaussian splatting inayotoa mandhari ya kupendeza mno. Nazipenda. Lakini leza ya simu inafika kama mita 5 tu, na splatting inatafuta kupendeza macho kwanza, vipimo baadaye. Katika ukumbi mpana na mrefu bado fotogrametria yenye rula inashinda.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: mapango ya Pwani si mawe matupu. Watu huenda kutambika humo. Kwa hiyo wazee waulizwe kabla kamera haijatoka mkobani, na ruhusa ya kupiga picha isichukuliwe kuwa ruhusa ya kuchapisha. Sadaka na wanaoomba wasipigwe. Tena, simu huweza kuandika ndani ya faili mahali uliposimama mlangoni. Kwa pango ambalo halijafunguliwa kwa wageni, futa taarifa hizo kwenye nakala za umma. Wavunja stalaktaiti nao wanajua kusoma ramani. Na kwa Kenya ipo Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006, omba kibali.

Hoja ya tatu ni uhai wako. Mwaka 1980 na 1987 watu wawili walifariki kwa homa ya Marburg baada ya kuingia pango la Kitum, Mlima Elgon, si mbali na huku kwetu. Mwaka 2008 mtalii mwingine alifariki baada ya kuingia pango lenye popo magharibi mwa Uganda. Virusi hivyo hukaa kwa popo wa matunda. Pango likiwa na popo wengi, pata ushauri wa wahifadhi kwanza, vaa barakoa na glavu, usiguse kinyesi, na usiwamulike waliolala. Kama jibu ni usiingie, usiingie.

Hoja hizi zote zinasema tufanye kwa adabu. Hakuna hata moja inayosema tusifanye.

Faili zikae wapi?

Hili ndilo linaloniuma zaidi. Kazi nyingi nzuri hubaki kwenye diski ya mtafiti mmoja, au huenda ng'ambo na kurudi kwetu kama picha ndogo ndani ya makala ya Kiingereza. Picha ghafi zihifadhiwe nakala tatu: makavazi, chuo kikuu kimoja hapa nchini, na kaunti au kijiji chenye pango. Kila faili iwe na alama yake ya SHA-256, ili miaka 20 ijayo tujue kama imeharibika. Maelezo yaandikwe kwa Kiswahili. Nakala zisizo na siri zitolewe kwa leseni huria, mwalimu wa Kakamega azifungue darasani na wanafunzi wapime dari wenyewe.

Wapiga picha tunao. Waandishi wa programu tunao, wengine wanatafuta mradi wa kumalizia chuo. Miongozo ya watalii ya Amboni na Shimoni inajua kila kona ya pango lake. Watu hawa watatu hawajakaa meza moja. Wakikaa, gharama ya kuanzia ni tochi mbili, stendi na rula ya mita moja.