Uwanja Mtupu si Uwanja Safi

Ndugu mkulima wa Pwani, toka nje asubuhi ya leo utazame chini ya ukuta wa nyumba yako. Je, udongo ungali pale ulipokuwa siku ile ulipojenga? Au msingi umeanza kutokeza, na mizizi ya mwembe iko wazi? Ikiwa ni hivyo, usiilaumu mvua peke yake. Ulaumu na ufagio wako.

Wengi wetu tulilelewa tukiamini ya kuwa uwanja wa mtu nadhifu ni uwanja mtupu. Kila kukicha hufagiliwa kwa chelewa mpaka lisibaki jani hata moja. Mimi pia nilifanya hivyo miaka mingi, nikajisifu. Lakini kila ukifagia unaondoa mchanga kidogo, upepo wa kaskazi huondoa zaidi, na masika yakifika maji hayana cha kuyazuia. Asubuhi moja baada ya mvua kubwa nilikuta mfereji wa kina cha goti kutoka mlangoni hadi shambani, na mahindi yangu machanga yamefukiwa na mchanga wa uwanja wangu mwenyewe.

Basi shauri langu ni hili: panda nyasi za Pemba mbele ya nyumba yako.

Nyasi hizi si ngeni. Wataalamu huziita Stenotaphrum dimidiatum, nazo ni za asili ya pwani yetu na visiwa vya Bahari ya Hindi. Humea zenyewe kwenye mchanga karibu na bahari, ambako upepo una chumvi. Majani yake ni mapana, ya kijani kizuri, na mashina yake hutambaa juu ya ardhi yakitia mizizi kwenye vifundo. Kwa hiyo huufunika mchanga kama mkeka na kuushika. Tena hustahimili kivuli cha mnazi na mwembe, mahali ambapo nyasi nyingi hudhoofika.

Wenzetu waliotoka bara kuja Mpeketoni, Magarini au Shimba Hills huzikumbuka nyasi za Kikuyu. Nyasi zile ni njema sana kwao milimani, penye baridi na mvua. Huku kwetu zitakunywa maji yako bure. Mgeni mwenye busara hupanda kilicho cha mahali.

Kazi yenyewe si kubwa. Mwombe jirani mashina machache. Usiende kuyang'oa ufukweni, maana huko nako yanazuia mchanga usichukuliwe na maji. Masika yanapoanza, lima uwanja juu juu na ung'oe magugu, hasa ndago. Kata mashina vipande vyenye vifundo 3; vifundo 2 uvifukie na kimoja kibaki nje. Acha nafasi ya sentimita 30 kati ya kipande na kipande, kisha kanyaga udongo ushikane. Palilia kwa mkono mpaka nyasi zikutane, na mbuzi wasizifikie kwa muda huo. Zikisha kutanda, zikate kwa fyekeo ukiacha kimo cha vidole 4. Majani unayokata wape mifugo. Jua la Januari na Februari likizigeuza rangi, usizimwagie maji ya kunywa. Mvua itazirudisha.

Najua utasema, “Nyasi huleta nyoka.” Neno hilo si la kupuuzwa. Lakini nyoka hutafuta pa kujificha, yaani nyasi ndefu, vichaka na marundo ya takataka. Nyasi zako ziwe fupi siku zote. Tena acha ukanda wa hatua moja kuzunguka ukuta usio na nyasi, uutandaze kokoto, maana hapo ndipo maji ya paa huanguka.

Mwingine atasema, “Nilipewa ardhi nilime chakula, si mapambo.” Vema. Nami sikuambii upande nyasi shambani. Hutambaa, na zikiachwa zitaingia katika mihogo. Chimba mtaro mdogo kati ya uwanja na shamba, na kila shina linalovuka ulikate. Acha pia mahali pa kuanikia nafaka. Lakini ujue ya kuwa uwanja usioshikwa na kitu huliharibu shamba lililo chini yake.

Anza na kipande kidogo mbele ya mlango, upana wa mikeka miwili. Mwaka wa pili utakuwa na mashina ya kutosha kumaliza uwanja, na mengine ya kumpa jirani. Kiwanja chako kilipimwa, mipaka yake inajulikana. Lakini hakuna mpimaji atakayekuja kukurudishia udongo uliokwenda na maji. Uzuie ungali wako.