Acha Kufuta "Mapacha" wa Windows, Wanaojaza Diski ni Wako Mwenyewe

WADAU, kuna prodyuza mmoja mkali sana hapa mjini (jina kapuni) siku hizi anajibu meseji za wasanii kwa neno moja tu: "subiri". Watu wakadhani ni maringo ya ustaa. Kumbe mashine yake ilijaa, akashusha programu ya bure ya kutafuta mafaili yanayojirudia, ikamletea orodha ndefu ya "mapacha", akabonyeza futa yote. Alipozima na kuwasha, Windows ikagoma. Fundi naye akasafisha diski nzima na kupiga Windows mpya bila kuuliza, na kazi za miezi zikaenda na maji.

Watu wanamcheka. Mimi sicheki, kwa sababu ushauri aliofuata ndio huo huo unaozunguka kila siku kwenye klipu za sekunde 30: "mashine nzito? Futa mafaili yanayofanana." Msimamo wangu ni mmoja: mafaili ya mfumo yanayofanana hayakuhusu. Yaache.

Fungua folda ya Windows kwenye mashine ya biti 64, utakuta System32 na SysWOW64. Ndani yake majina kibao yanafanana, kernel32.dll, kwa mfano, ipo kote kuwili. Mtu anaona uchafu. Wapi! Ya System32 inahudumia programu za biti 64, ya SysWOW64 inahudumia za biti 32. Ni kama Juma wa Temeke na Juma wa Sinza: jina moja, watu wawili, kila mtu na kazi yake. Ukimfukuza mmoja, mwenzake hawezi kumshikia zamu.

Halafu kuna WinSxS, ile folda ambayo ukiipima inasoma GB za kutisha. Miaka ya 1990 programu zilikuwa zinafunikiana mafaili ya DLL: unaweka gemu jipya, linakuja na toleo lake, programu ya jana inakufa. Kero ile ilipewa jina kabisa, "jehanamu ya DLL". Ndipo Microsoft wakaja na utaratibu wa kutunza matoleo tofauti bega kwa bega. Kwa hiyo huo unaouita uchafu ndio dawa yenyewe. Na sehemu ya ukubwa huo ni kiini macho, kwa sababu mafaili mengi ya humo ni faili moja lililosajiliwa sehemu mbili. Ukihesabu majina ni mawili, ukihesabu vichwa ni kimoja. Futa jina moja, hupati nafasi yoyote.

Najua kuna atakayesema, "mbona mimi nilifuta na mashine inapeta?" Hongera, una bahati, au Windows ilikukatalia na wewe hukugundua. Ikikwambia huna ruhusa, hilo ndilo jibu. Klipu inayokufundisha kulazimisha umiliki ili ufute kwa nguvu inakupeleka shimoni.

Kusafisha kistaarabu kupo. Fungua Disk Cleanup, chagua kusafisha mafaili ya mfumo, itaondoa masalia ya masasisho ya zamani. Kama hauogopi kuandika amri, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika DISM /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup, Windows yenyewe itachagua cha kutupa. Ukihisi faili la mfumo limeharibika, andika sfc /scannow. Tovuti zinazogawa DLL moja moja, pita mbali.

Pacha wa kumwogopa yupo, lakini anajulikana kwa mahali alipo. Ukiona svchost.exe nyingi zinafanya kazi kwa wakati mmoja, tulia, ni kawaida. Ila ukikuta moja inatokea kwenye folda yako ya Downloads, huyo ni tapeli aliyevaa sare ya polisi. Piga skani ya antivairasi haraka.

Sasa tuambiane ukweli. Anayekula diski yako ni ile video ya harusi iliyoko Downloads, ipo tena Desktop, ipo tena kwenye folda ya WhatsApp, halafu kuna "final", "final 2" na "final ya mwisho kabisa". Hao hatuwagusi, maana kuwachagua mmoja mmoja kunachosha. Tunataka kitufe kimoja cha miujiza, na kitufe hicho kinaenda kufuta vitu tusivyovijua ili tusiguse vyetu tunavyovijua. Huo ndio uvivu unaotugharimu.

Na mashine ikigoma kuwaka, usikate tamaa. Mara nyingi kazi zako bado zipo kwenye diski. Mwambie fundi atoe vitu vyako kwanza, ndipo apige Windows. Fundi anayesafisha diski ya mtu bila kuuliza, kwangu mimi ana kosa kubwa kuliko aliyebonyeza futa. Na kama maisha yako yanategemea hiyo kompyuta, weka nakala ya kazi zako kwenye diski ya nje. Huyo ndiye pacha unayetakiwa kumlipia hela.

Mdau, wewe unasemaje? Wa kulaumiwa ni prodyuza, fundi au hawa walimu wa klipu? Tiririka hapo chini.