Asidi Ikimwagika, Mwanafunzi Asifiche

Wahenga walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Katika maabara ya kemia hali ni tofauti: kilichomwagika hakina budi kuzolewa, tena kwa utaratibu, la sivyo kitamdhuru atakayefuata. Juma hili tunawageukia wazazi wenye watoto wa sekondari, pamoja na walimu wao, kwa jambo ambalo aghalabu huzungumzwa baada ya mtoto kuumia.

Woga ndio unaoikuza ajali ndogo ikawa kubwa. Mwanafunzi aliyeangusha chupa huwaza kwanza juu ya viboko, au fedha atakazotozwa mzazi wake. Hivyo huifuta meza upesi kwa pindo la sketi au karatasi ya daftari, akanyamaza. Lakini asidi kali ya salfuriki hainyamazi. Hula nguo, hula ngozi, na tone moja laweza kuliharibu jicho. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Basi la kwanza ni kupaza sauti. Mwalimu aambiwe papo hapo, na wanafunzi wengine wasogee kando. Aliyerukiwa ahudumiwe kabla ya meza na sakafu. Avuliwe nguo iliyolowa bila kuona haya, na mahali palipopatwa pamwagiwe maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15. Muda huo ni mrefu kuliko wengi wanavyodhani; saa itazamwe. Ikiwa ni jicho, kope zishikwe wazi, na kichwa kiinamishwe upande ili maji yatoke puani kuelekea sikioni, yasije yakaingia jicho la pili. Kisha apelekwe hospitali, na jina la kemikali liandikwe ili mganga alijue. Asipakwe mafuta wala maziwa; hayo hupoteza dakika ambazo maji yangekuwa yakifanya kazi.

Shule isiyo na maji ya bomba isikate tamaa. Ndoo kadhaa za maji safi zenye vifuniko, pamoja na kata, ziwekwe maabarani kabla ya kila zoezi. Hilo halimngoji mfadhili.

Sasa tuitazame meza. Asidi izungushiwe mchanga mkavu isienee, kisha inyunyiziwe unga wa sodiamu baikaboneti, nduguye yale magadi tuyatiayo katika maharage, kuanzia pembeni kuelekea katikati. Povu litatoka, likikoma hata unga ukiongezwa, asidi imekwisha nguvu, na mwenye glavu na miwani ya kukinga macho aweza kuizoa. Asidi kali ya salfuriki isimwagiwe maji kidogo mezani, kwa sababu huchemka na kuruka. Msomaji atauliza: mbona mwilini tunamwaga maji? Kwa sababu mwilini maji ni mengi na hayasimami. Yanaondoka na asidi pamoja na joto lake.

Spiriti ikimwagika, kila moto uzimwe na madirisha yafunguliwe, maana mvuke wake hushika moto hata kabla ya ndimi kuugusa umajimaji wenyewe. Kipimajoto cha zebaki kikivunjika, ufagio usiguswe. Ufagio huipasua zebaki kuwa chembe ndogo zinazojificha katika nyufa, nazo hutoa mvuke wenye sumu usioonekana wala kunuka. Madirisha yafunguliwe, wanafunzi watoke, na mwalimu azikusanye chembe hizo kwa vipande viwili vya karatasi ngumu, azitie katika chupa yenye kifuniko. Vigae vya kioo, vya aina yoyote, visiokotwe kwa vidole.

Ndugu mwalimu, ukimwadhibu mtoto aliyekuja kukuambia kwamba amemwaga, umewafundisha wengine 40 kuficha. Aadhibiwe anayecheza na kemikali, bali anayetoa taarifa ashukuriwe mbele ya wenzake. Nawe mzazi, mwanao akirudi nyumbani na shati lenye matundu, usianze na bei ya shati. Mwulize kwanza: ngozi yako i salama? Uliosha kwa muda gani? Mwalimu anajua? Akizoea kuulizwa hivyo nyumbani, hataogopa kusema awapo shuleni.