Kaseti si Rasimu: Dhidi ya Uhakiki Unaosafisha Sauti ya Kaskazini Mashariki

1. Suala linalobishaniwa

Katika uhakiki wa fasihi simulizi umezoeleka utaratibu mmoja ambao hauulizwi maswali. Mtafiti hupata kaseti, huisikiliza, huandika maneno ya shairi na kuyatafsiri. Kisha kaseti huwekwa kando kama ganda la ndizi iliyokwisha kuliwa. Kikohozi cha mghani, mlio wa vikombe vya chai, salamu kwa jamaa aliye mbali, sauti ya mzee anayemkatiza mghani ili kumsahihisha: yote hayo huitwa kelele. Kinachobaki ndicho huitwa matini.

Makala haya yanaupinga utaratibu huo kwa kuzingatia kaseti za mashairi na nyimbo za Kisomali zilizorekodiwa majumbani, Garissa na Kaskazini Mashariki ya Kenya kwa jumla. Hoja ni moja. Kaseti ya nyumbani si rasimu ya kazi itakayokuja kukamilishwa studioni au kitabuni. Ndiyo kazi yenyewe.

2. Rasimu ya nani?

Dhana ya rasimu ina kwao. Mwaka 1983 Pete Townshend, mtunzi wa nyimbo wa bendi ya The Who ya Uingereza, alitoa mkusanyo ulioitwa Scoop, wenye rekodi za majaribio alizojirekodia mwenyewe nyumbani. Msikilizaji wa mkusanyo huo anajua kwamba baadhi ya nyimbo zina toleo jingine lililopigwa na bendi nzima, na raha yake kubwa ni kulinganisha mbegu na mti. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Bruce Springsteen wa Marekani alikuwa amerekodi nyimbo nyumbani kwa kinasasauti cha kaseti chenye njia nne. Zilipojaribiwa na bendi studioni hazikumridhisha, na kaseti ile ile ikawa santuri ya Nebraska (1982).

Mifano hii miwili hutajwa kana kwamba inahusu kila rekodi ya nyumbani duniani. Sivyo hata kidogo. Townshend na Springsteen walikuwa na studio, kampuni na mkataba. Neno "jaribio" lilikuwa na maana kwa sababu kulikuwako kitu kilichokuwa kikijaribiwa. Mghani aliyeketi mkekani Garissa, kinasasauti kikiwa mbele yake, hakuwa akimjaribia mtu yeyote. Shairi lilikuwa limekamilika kabla kidude hakijabonyezwa, na mtu aliyekusudiwa kulisikia alikuwa akiisubiri kaseti Nairobi, Mogadishu au Ghuba. Kumwita mghani huyo mtoa rasimu ni kumvisha kanzu iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Wapo watakaosema kwamba kitabu ndicho ukamilifu na kaseti ni hatua ya kukiendea. Tarehe zinawakanusha. Kampuni ya Philips ilionyesha kaseti yake kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Mwandiko rasmi wa Kisomali kwa herufi za Kilatini ulitangazwa Mogadishu mwezi wa Oktoba 1972, nje ya mipaka ya Kenya. Kaseti ni kongwe kuliko mwandiko huo kwa miaka tisa. Walter Ong, katika kitabu chake cha 1982, alieleza usimulizi wa pili unaozaliwa na vyombo vya umeme baada ya jamii kuzama katika maandishi. Kwa nyumba nyingi za Kaskazini Mashariki mpangilio huo umekaa kichwa chini: kinasasauti kiliingia mlangoni kabla ya kalamu ya Kisomali.

3. Kelele zinasema nini

Hapana budi kukumbuka jinsi shairi la Kisomali linavyofungwa. Shairi zima huchukua sauti moja, na kila mshororo sharti uwe na neno linaloanza kwa sauti hiyo. Mghani akiteleza kwenye neno moja, takriri hukatika na wanaojua husikia papo hapo. Basi ile sauti inayomkatiza na kumrudisha kwenye neno sahihi, ambayo mtafiti huifuta, ni uhakiki unaofanyika ndani ya kazi yenyewe. Ni hadhira ikitumia kanuni za bahari yake. Anayeifuta anafuta ushahidi pekee alio nao kwamba kanuni hizo zinaishi vinywani mwa watu na si katika vitabu vya wataalamu tu.

Kadhalika majibizano. Mwaka 1979 Mohamed Hashi Dhamac, maarufu kama Gaarriye, alianzisha mlolongo wa mashairi uitwao Deelley, yote yakifuata sauti ya d. Watunzi wengi walijibizana ndani yake chini ya utawala wa Siad Barre, na kaseti zikanakiliwa mkono kwa mkono. Katika mlolongo kama huo shairi moja halijitoshelezi, kwani ni jibu na tena ni swali. Wasomaji wa Kiswahili wasingepaswa kuelezwa jambo hili. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yanaeleweka leo kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyahifadhi pamoja na habari zake na kumpa W. E. Taylor. Bila ya habari hizo, mengi yangebaki mafumbo. Aidha, anayezijua kaseti za taarabu za Juma Bhalo zilizorekodiwa harusini anajua kwamba vigelegele na kelele za wanaotunza humwonyesha msikilizaji ni ubeti gani uliomchoma nani.

Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 katika Mulika, aliiona fasihi simulizi kuwa ni tukio linalotawaliwa na mambo sita: fanani, hadhira, fani, tukio lenyewe, mahali na wakati. Wengi wamekariri orodha hiyo katika kurasa za mwanzo za tasnifu zao, kisha wakachambua maneno matupu katika kurasa zilizobaki. Kaseti inadai zaidi ya kukariri, kwa kuwa inazigawa hadhira mbili: moja imo chumbani, nyingine iko mbali na bado haijasikia. Hata urefu wa utepe una kauli. Kaseti ya dakika 60 ina dakika 30 kila upande. Mghani anayeharakisha mwishoni mwa upande wa kwanza anatunga pamoja na mashine. Nadharia hiyo inahitaji kupanuliwa, na kaseti hizo zina mengi ya kuipanua.

4. Pingamizi mbili

Pingamizi ya kwanza ni nzito. Andrzejewski na Lewis, tangu kitabu chao cha 1964, walionyesha kwamba katika ushairi wa Kisomali mtunzi na mghani hutofautishwa, na mghani hulazimika kuhifadhi maneno ya mtunzi bila kuyabadili. Kwa hiyo, inasemwa, maneno ndiyo kila kitu na mengine ni mapambo. Lakini desturi hiyo hiyo humtaka mghani amtaje mtunzi na kueleza kisa kilicholizaa shairi kabla ya kuanza. Desturi yenyewe, basi, inalihesabu shairi lisilo na utangulizi kuwa pungufu. Kaseti huuhifadhi utangulizi huo. Nakala ya mtafiti huuruka. Ni nani basi aliye mwaminifu kwa mtunzi?

Pingamizi ya pili inagusa haki. Townshend alichagua mwenyewe rekodi za kuuonyesha ulimwengu. Kaseti ya Garissa ilitumwa kwa mtu mwenye jina, na mhakiki anayeisikiliza leo ni mdukuzi mpaka aruhusiwe. Hili ni kweli, na uzito wake unaongezeka katika eneo lililotawaliwa kwa sheria za hali ya hatari tangu Desemba 1963 hadi 1991, ambalo lilishuhudia mauaji ya Wagalla, Wajir, Februari 1984. Yawezekana sauti inayotaja majina na mahali ndiyo kumbukumbu pekee ambayo nyumba fulani inayo. Lakini haki hiyo haimruhusu mtafiti kuisafisha kaseti kwa kisingizio cha kuilinda. Inamtaka aende kwa wenyewe, nao waamue kipi kisikike na kipi kinyamaze. Ukimya ulioamuliwa na mwenye nyumba ni heshima. Ulioamuliwa na mhariri ni unyang'anyi.

5. Hitimisho

Mwaka 1965 Taban lo Liyong aliilaumu Afrika ya Mashariki kwa ugumba wa kifasihi. Lawama hiyo ilijibiwa kwa vitabu, na ilifaa. Hata hivyo uhakiki ulibaki na ramani inayoishia kwenye daraja la Tana, na ng'ambo ya daraja ukaandika "jangwa". Jangwa hilo limejaa sauti.

Mambo matatu yanadaiwa. Kwanza, tasnifu yoyote inayochambua shairi lililotoka kwenye kaseti iambatane na nakala kamili ya kaseti hiyo, bila kukatwa, kwa masharti ya wenye nayo. Pili, nakala ya maandishi ionyeshe sauti zote zilizomo, si ya mghani peke yake. Tatu, anayetaka kuhakiki ushairi huo ajifunze Kisomali, kama mhakiki wa utenzi anavyotakiwa kukijua Kiswahili cha kale. Hargeysa, ambako kanda za Radio Hargeysa zilifichwa ili kuokolewa na mabomu ya 1988, leo kuna hifadhi ya maelfu ya kaseti katika kituo cha utamaduni. Garissa nayo imekuwa na chuo kikuu kamili tangu 2017. Utepe wa sumaku haungoji kamati: hunata, huliwa na ukungu, na mara nyingine hurekodiwa juu yake hotuba au kipindi cha redio. Mhakiki anayesubiri toleo safi atalipata siku ambayo hakuna tena cha kusikia.