UBIA WA VIWANDA UPIMWE KWA UJUZI UNAOBAKI

Tarehe 12 Desemba, 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha uhuru wake, darubini ya angani ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, kwa ushirikiano wa Marekani na Italia. Ilikuwa ya kwanza kuundwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota, ikapewa jina la Uhuru. Afrika Mashariki ilitoa bahari na jina. Ufundi wa kuiunda ulitoka kwingine.

Hatusemi hayo kwa kunung'unika. Tunauliza tu: ubia wa viwanda huacha nini nyuma yake?

Kioo cha darubini ya Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba, 2021, kinatoa jibu moja. Kina upana wa mita 6.5 na kimeundwa kwa vipande 18 vya madini ya beriliamu. Madini yalichimbwa Utah, vipande vikachongwa Alabama, vikasuguliwa California, kisha vikapakwa utando mwembamba wa dhahabu. Hakuna kampuni moja iliyofanya yote. Lakini kila moja ilikabidhi kazi iliyopimwa, na ujuzi ukabaki katika karakana zao.

Jibu la pili ni la onyo. Darubini ya Hubble ilirushwa mwaka 1990, ikaonekana kuwa kioo chake cha mita 2.4 kina kasoro. Ukingo wake ulisuguliwa kupita kiasi kwa takriban sehemu ya hamsini ya unene wa unywele. Chanzo chake ni kwamba lenzi katika chombo cha kupimia iliwekwa nje ya mahali pake kwa milimita 1.3. Vipimo vingine vilionyesha kasoro hiyo mapema, lakini vilipuuzwa. Mwenye mali naye hakusimamia ipasavyo, bali alimwamini mjenzi. Ilibidi wanaanga wapande kuirekebisha Desemba, 1993.

Msomaji wa Musoma aweza kuuliza, haya yatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Kiwanda cha nguo cha Musoma, MUTEX, kilijengwa ili pamba ya Mara ifumwe Mara. Mashine zilitoka nje, na uzalishaji wake umesimama zaidi ya mara moja. Bunda vipo vinu vya kuchambua pamba, lakini pamba ikishachambuliwa husafirishwa kwenda kuongezewa thamani kwingine. Kiwanda ambacho kipuri chake chaagizwa nje na fundi wake hutoka nje ni kiwanda cha kuazima, na wahenga walikwisha kutuonya kuhusu nguo ya kuazima.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifundisha kuwa fedha si msingi wa maendeleo. Kwa hiyo mtumishi wa umma anayeandaa mkataba wa ubia asihesabu mtaji peke yake. Mkataba useme ni vijana wangapi watafundishwa, katika kazi gani, na kwa muda gani. Useme vipuri gani vitachongwa hapa nchini. Useme pia kwamba ukaguzi utafanywa kwa vipimo vyetu wenyewe, si kwa maneno ya mbia. Tunalo Shirika la Viwango, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Tunalo SIDO tangu mwaka 1973. Wapewe nafasi tangu siku ya kwanza, wasiitwe baada ya mashine kukwama.

Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Butiama, chenye jina la Mwalimu Nyerere, nacho kisisubiri wabia waje ndipo kitafute mafundi.

Na walimu wasidhani hawamo. Mtoto wa Bunda anayefundishwa kutofautisha milimita moja na milimita mbili, na kurudia kipimo chake kabla ya kukiamini, amekwisha kuanza kazi ya kiwanda. Milimita 1.3 ziliyumbisha taifa tajiri kuliko letu. Sisi hatuna akiba ya kulipia uzembe wa namna hiyo.