MCHANGA WA PWANI NI AKIBA YA WOTE



Wapo watakaouliza: sisi watu wa viwanda na mashamba ya miwa hapa Uganda, nchi isiyo na bahari, tuna habari gani na mchanga wa pwani? Naomba mnisikilize kidogo.

Mgeni akiuona ufuko hudhani umekaa tu. Mvuvi anajua kwamba mchanga ni msafiri. Katika pwani ya Afrika Mashariki, kusi ikivuma mawimbi huja kwa mshazari na kuusukuma mchanga kuelekea kaskazini. Kaskazi ikishika, sehemu yake hurudi kusini. Bahari ikichafuka, mawimbi makubwa huung'oa mchanga ufukoni na kuulundika mbele kidogo majini, ukawa fungu. Mawimbi yanayofuata huvunjikia penye fungu hilo, yakapungua nguvu kabla ya kufika nchi kavu. Bahari ikitulia, mawimbi madogo huurudisha mchanga ufukoni polepole.

Ni sawasawa na chama chetu cha akiba na mikopo. Siku ya shida unatoa, siku ya neema unarudisha. Hazina hufa pale anapotoa mtu asiyerudisha, au mwekaji anapozuiwa njiani.

Hayo yalitokea Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam. Mito midogo ya upande ule, kama Tegeta na Mbezi, ilikuwa ikishusha mchanga baharini wakati wa mvua. Mji ulipokua, malori yakaingia mitoni kuchota mchanga wa kujengea kabla haujafika pwani. Wataalamu walitaja sababu nyingine pia, lakini uchotaji huo hawakuuacha nje. Ufuko ukaliwa, na hoteli ya Africana ikaachwa kwa sababu ya bahari. Hoteli ikifa, mpishi, mfagiaji na dobi hufa nayo njaa.

Hoteli nyingine zikajenga kuta za mawe kutoka ufukoni kuingia majini, zinase mchanga unaopita. Mwenye ukuta akapata ufuko. Jirani wa upande wa pili akaukosa, maana mchanga wake umezuiliwa njiani. Ndugu zangu, jambo hili tunalijua. Ndivyo afanyavyo mfanyakazi anayepita mlango wa nyuma kwa meneja kuomba nyongeza yake peke yake. Yeye anapata, na wenzake kumi wanakosa.

Sasa turudi kwetu. Pale Lwera, kando ya barabara ya Kampala kwenda Masaka, mchanga umechimbwa katika vinamasi vya Ziwa Victoria na kuacha mashimo makubwa yaliyojaa maji. Ziwa si bahari, lakini swali ni lile lile: nani anatoa, na nani anarudisha?

Kijana mmoja wa jirani yangu, kibarua wa kupakia mchanga, alikamatwa na koleo lake mkononi. Lori lilikuwa na mwenyewe na mchanga ulikuwa na mnunuzi, lakini hao hawakuulizwa neno. Yule kijana hakuwa na mkataba wala kadi ya chama. Alilipwa kwa lori. Angekataa kupakia, asingekula siku ile.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kwanza, asiadhibiwe mwenye koleo huku mwenye lori akipita. Pili, kibali cha kuchimba kisitolewe kabla wavuvi, wakulima na vibarua wa mahali pale hawajasikilizwa. Tatu, na hili ni juu yetu wenyewe, vibarua wa mchanga waandikishwe katika chama. Mtu asiye na chama nyuma yake hawezi kulikataa lori lisilo na kibali, hata akijua kwamba anachopakia ni akiba ya watoto wake.

Umoja ni nguvu.